Kontraste ya Ng'ombe wa Mahari

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku njema! Mdogo wangu Dusabimana anaoa. Yaani, ataoa kama ng'ombe atapendeza.

Baba wa binti huyo, Umurerwa, ni Papa Sebarenzi, anakaa juu ya milima ya Rubaya. Kwa desturi angetuma wazee hapa Kitshanga wamtazame ng'ombe wa mahari kabla hajasema ndiyo. Lakini mvua imeharibu barabara, pikipiki zinazama hadi kwenye tangi. Kwa hiyo amekubali, mara ya kwanza katika ukoo wao, kumtazama ng'ombe kwa picha. Kwa WhatsApp! Akimpenda, Umurerwa ni wetu. Asipompenda, Umurerwa atabaki kwao, na Dusabimana ataendelea kuimba nyimbo za huzuni wakati wa kukamua. Amemngoja binti huyo kwa muda mrefu na sauti yake si nzuri.

Na mpiga picha wa familia hii ni nani? Mimi, Isidore! Mwenye mashine ya picha ya kweli kutoka Goma, iliyotumika kidogo tu. Séraphin wa ng'ambo ya barabara ana simu. Anaielekeza, anabonyeza, anatuma, mteja anaondoka akicheka. Huo si ufundi. Mimi ninapiga picha mbichi. Picha mbichi ni kama maharage kabla ya kupikwa: kila kitu kimo ndani, lakini huwezi kumwekea mgeni mezani. Lazima upike. Na chumvi ya mapishi hayo ni kontraste.

Mpango wangu: Papa Sebarenzi ataona ng'ombe, ataona pia mkono wa fundi. Atauliza nani alipiga. Nitapewa picha za ndoa yenyewe, na baada ya hapo milima yote ya Masisi.

Tatizo dogo ni ng'ombe. Jina lake Gaju, ndivyo wenye ng'ombe huku wanavyomwita ng'ombe wa kahawia hafifu. Rangi ya chai yenye maziwa mengi. Ana doa kwenye paji, ila lazima uambiwe lipo. Sikio la kushoto limepasuka tangu alipogombana na waya wa uzio. Marehemu baba ndiye aliyemwacha, na Mama anampenda kuliko anavyotupenda sisi.

Dusabimana ameniomba kitu kimoja tu. "Kaka, piga tu ngombe vile iko."

Vile iko! Watu hawajui picha.

Jumanne, 7 Oktoba

Asubuhi ukungu. Nilimpiga Gaju mara nyingi. Mlima wa kijivu, uzio wa kijivu, ng'ombe wa kijivu. Grafu ya mwanga kwenye skrini ilikaa katikati kama kichuguu, upande wa giza mtupu, upande wa mwanga mtupu. Dusabimana alichungulia akasema ni vizuri, ng'ombe anaonekana. Nilimweleza kwamba kontraste ni umbali kati ya giza na mwanga, na kwamba picha isiyo na umbali huo haina uti wa mgongo. Akauliza kama anaweza kumrudisha malishoni.

Saa sita jua lilitoka ghafla. Sasa umbali ulizidi! Mgongo mweupe pepe, tumbo jeusi ti, na katikati hakuna ng'ombe. Mashine ikaanza kumwekea Gaju alama nyekundu mgongoni, maana yake hapo pameungua, hata picha mbichi haina cha kuokoa. Mpiga picha wa kawaida angesubiri wingu.

Mimi nikapata wazo.

Tatizo si jua, ni manyoya. Yamefifia. Ngozi inayong'aa inatoa mwanga mzuri na giza zuri kwa pamoja. Nikaenda kwa Mama Valérie, ambaye kibandani kwake anachaji simu na kuuza mawese yanayoletwa kutoka Ntoto, kule Walikale. Nikarudi na kopo. Nikampaka Gaju ubavu mzima. Alipendeza! Kwa muda mfupi. Kisha wakaja inzi wa Kitshanga nzima. Kisha Gaju akageuza shingo, akaonja, akaona ni vizuri, akaendelea. Kisha akaenda kujifuta kwenye shuka nyeupe za Mama zilizokuwa kwenye kamba.

Na nani alikuwa anapita barabarani wakati huo? Séraphin. Simu juu, kidole mara moja tu, akaenda zake bila salamu.

Saa kumi, wingu jembamba na mwanga wa pembeni, nilipata picha moja safi. Nilipima mwanga kwenye paji, nikaacha vivuli vijitegemee. Vivuli vinaweza kuinuliwa baadaye, mwanga ulioungua haurudi. Hilo nalijua vizuri.

Mama amefua shuka hadi giza likaingia. Kuna watu wanaoweza kunyamaza kwa sauti kubwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Séraphin ameweka picha yake kwenye statut ya WhatsApp, kila mtu aone. Chini yake ameandika: "Saladi ya ngombe, bon appétit," yaani karibuni mezani. Watu wawili wamenisimamisha sokoni kuniuliza kama nauza na vitunguu.

Nimeitazama picha hiyo kwa jicho la ufundi tu. Mbaya sana! Bapa kama chapati. Hakuna kina, hakuna fumbo. Mimi na kopo langu, sikio lililopasuka, doa lile hafifu, inzi, shuka za Mama nyuma, kila kitu kinaonekana. Kinaonekana tu, basi.

Mchana nilipeleka kompyuta kwa Mama Valérie, nikachomeka kwenye umeme wake wa jua, nikafungua picha yangu mbichi. Gaju alionekana amefifia, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Hiyo ni kawaida, picha mbichi huanza hivyo. Nikaongeza kontraste kidogo. Akapata mgongo. Nikaongeza tena. Akapata mabega. Nikashusha mstari wa Noirs, yaani weusi, na kahawia yake ikaanza kuiva. Nikapandisha weupe kwenye paji, na lile doa likawaka kama nyota. Nyota! Sikujua tuna nyota nyumbani.

Hapo fundi mwenye hofu angeacha. Nilipeleka mstari wa kontraste mbele zaidi. Vivuli vikafunga. Sikio la kushoto likaingia gizani lote, na lile pasuo likapotea lenyewe. Mimi sikulifuta. Sitaki mtu aseme nililifuta. Giza ndilo lililolichukua.

Mama Valérie aliinama kuangalia. "Kaka Isidore, hii ngombe ya nani? Iko muzuri!" Nikamwambia ni ya kwetu. Akacheka sana, akadhani natania. Nimeichukua kama sifa.

Nimemtumia Papa Sebarenzi. Nimelala chali kitandani nikitabasamu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jibu limekuja, la sauti. Nimelisikiliza mara nyingi na nitaliandika hapa ili lisipotee, na zile "njo" zake, yaani "ndiyo". "Mwanangu, njo hii! Hii njo Bihogo! Na nyota ku paji! Ngombe ya baba yangu ilikuwaka vile vile!" Kisha akakohoa, kisha akasema nani alipiga picha hii, huyo ndiye atakayepiga ndoa.

Nimeruka! Nimegonga kichwa kwenye boriti ya studio, sikuumia hata.

Bihogo ni jina la ng'ombe wa kahawia nzito, ile iliyoiva hadi inakaribia weusi. Ni ng'ombe wa kuimbiwa. Hakuna mtu aliyewahi kumwimbia Gaju isipokuwa Dusabimana, na hilo ni mateso.

Nilimwonyesha Dusabimana picha. Aliitazama, akaenda nje akamtazama Gaju, akarudi akaitazama tena. Akaniambia polepole kwamba Papa Sebarenzi amempenda ng'ombe ambaye hatuna. Nikamwambia ni Gaju yule yule, ila amevaa nguo za Jumapili. Akauliza nguo hizo atazivuaje. Nikamweleza kwamba uzuri wa picha mbichi ni huo, hakuna kinachopotea, unaweza kurudi mwanzo saa yoyote. Akasema picha inaweza kurudi, lakini neno la baba mkwe halirudi. Ameenda kulala bila kula.

Ana wasiwasi wa bure. Huwa wanapeleka ng'ombe wakati wa vumbi na vurugu za sherehe. Nani anaangalia rangi wakati kuna bia ya ndizi?

Ijumaa, 10 Oktoba

Nani anaangalia rangi? Papa Sebarenzi!

Ujumbe wa asubuhi: barabara imeanza kukauka, naye hawezi kungoja. Anakuja mwenyewe, Jumamosi ya wiki ijayo, na wazee wake, kumsalimia Bihogo. Atamwimbia hapa hapa uani kwetu. Mama amefurahi, kisha ameuliza Bihogo ni nani. Dusabimana alinitazama. Nikasema nina kazi studio.

Nimefikiri kwa utulivu. Ushahidi mbaya kuliko wote ni ile picha ya Séraphin. Ikimfikia Papa Sebarenzi kabla ya siku yenyewe, nimekwisha. Nimevuka barabara. Nimemsalimia Séraphin kwa heshima, nikamwita kaka, jambo ambalo limeniuma kwenye meno. Nikamwomba aifute. Akauliza atapata nini. Hatimaye nimempa stendi yangu ya miguu mitatu. Sijui mtu wa simu ataifanyia nini! Ameifuta mbele ya macho yangu, kwenye statut na kwenye simu.

Nimerudi nikipumua vizuri. Picha ile haipo tena duniani.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nimepata jibu. Si kwa maombi, kwa kwaya.

Dada Colette, kiongozi wa kwaya, alisimama mbele ya wenzake katika kanzu zao nyeupe, na uso wake ulionekana mweusi, mzuri, mzito. Baada ya ibada alisimama mlangoni karibu na ukuta uliochomwa na moshi. Uso ule ule, umefifia! Nilibaki nimesimama njiani, watu wakinipita pembeni.

Kontraste si ya kitu, ni ya kitu na jirani yake! Nyumbani nimefanya jaribio. Kikombe cha chai ya maziwa juu ya sinia jeusi: chai hafifu. Kikombe hicho hicho juu ya sahani nyeupe: chai imekolea. Nimemwita Dusabimana aone. Ameinywa chai.

Basi, sina haja ya kumbadilisha Gaju. Nitabadilisha dunia inayomzunguka. Jumamosi ua wote utakuwa mweupe. Shuka kwenye uzio, shuka kwenye kuta, familia yote katika nguo nyeupe. Gaju katikati, mweusi kama usiku. Papa Sebarenzi ataona Bihogo kwa macho yake mwenyewe, bila mashine, bila mawese. Nani ataita huo udanganyifu? Ni shuka tu!

Jumatano, 15 Oktoba

Kukusanya shuka ni kazi. Mama amenipa zake, zile ambazo mawese hayajatoka vizuri. Jirani ametoa moja yenye maua, nimeirudisha. Dada Colette amekubali kunikopesha kanzu za kwaya, baada ya mimi kumwambia ni kwa heshima ya wakwe, jambo ambalo ni kweli.

Mjomba Théoneste, atakayetusemea mbele ya wageni, amekataa kuvaa nyeupe. Anasema yeye si mtoto wa komunyo ya kwanza. Nimemwambia asimame mbali na ng'ombe basi.

Dusabimana hali vizuri. Leo nimemkuta zizini ameegemeza paji lake kwenye ubavu wa Gaju, anaongea naye. Sikusikia yote. Nimesikia jina la Umurerwa, na nimesikia akimwomba Gaju msamaha kwa niaba yangu. Nimeondoka kwa vidole vya miguu. Nilijisikia vibaya hadi kufika kwenye lango. Kisha nikaona kona moja haina shuka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ukungu. Nilishukuru! Ukungu mweupe juu ya shuka nyeupe, na Gaju katikati, kivuli kizito chenye pembe. Hata mimi niliogopa kidogo, alikuwa mzuri hivyo. Wageni walifika wakiwa na matope hadi magotini. Papa Sebarenzi ni mzee mrefu, kofia nyeusi, fimbo ndefu, kidevu kimejaa ndevu nyeupe. Alipoingia langoni akasimama. Akavua kofia. Akaita kwa sauti ndogo, "Bihogo." Gaju akageuka! Ng'ombe huyu haitikii hata jina lake, leo akaitikia la mwingine. Mzee akaanza kuimba. Sauti nyembamba, ya zamani. Wazee wake wakapokea. Mama akafuta macho. Dusabimana alinitazama, na nakwambia, kwa mara ya kwanza tangu jambo hili lianze, alikuwa karibu kutabasamu.

Kisha jua.

Lilitoka juu ya kilima lote kwa mara moja, na hapo nikakumbuka jambo ambalo kila mpiga picha analijua, ambalo mimi mwenyewe nawafundisha watu. Kitambaa cheupe kinarudisha mwanga! Ndiyo maana tunakishika pembeni mwa bibi arusi, kuondoa vivuli usoni. Nami nilikuwa nimemzungushia Gaju shuka kumi na mbili na kanzu za kwaya nzima. Mwanga ulimpiga kutoka kila upande. Hakuna kivuli kilichobaki mwilini mwake. Aling'aa kama andazi! Sijawahi kumwona Gaju hafifu kiasi hicho. Na sikio, kila uzi wa pasuo ulionekana.

Wimbo ulikatika katikati ya neno.

Mzee mmoja wa kwao, Papa Akilimali, alizunguka ng'ombe, akashika sikio, akatoa simu yake, akatazama picha yangu, kumbe ilishazunguka Rubaya. Akasema kwa utulivu, na utulivu ndio ulionitisha: "Hii haiko ile. Ile ya mu picha muliipeleka wapi?"

Nikaelewa. Hawakufikiri picha ni ya uongo. Walifikiri tumeficha Bihogo, tumewaletea ng'ombe mwingine. Katika milima hii hilo ni tusi ambalo wajukuu wanalirithi. Mjomba Théoneste alijaribu kusema, akashindwa. Wazee wakaanza kuokota fimbo zao waondoke. Dusabimana hakusogea. Alisimama na kamba mkononi kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake.

Nikakimbia kuleta kompyuta! Nikawaonyesha. Nikasema tazameni, huyu ni Gaju, picha mbichi, hajapikwa. Nikasogeza kontraste: Bihogo. Nikarudisha: Gaju. Bihogo, Gaju, Bihogo, Gaju. Nilidhani wataelewa. Papa Akilimali akasema mashine hiyo inaweza kutengeneza ng'ombe yeyote, kwa hiyo haiwezi kushuhudia kwa ng'ombe hata mmoja. Wenzake wakakubali. Na kwa kweli, nikimsikiliza, alikuwa sahihi.

Hapo Mama alisimama. Alikuwa amekaa chini muda wote na kanzu yake ya kwaya. Akaingiza mkono chini ya kanzu, ndani ya fundo la kitenge, akatoa simu yake ndogo. "Bapapa, mukae kwanza. Muangalie na hii."

Ilikuwa picha ya Séraphin! Ile niliyoinunua kwa stendi! Aliihifadhi siku ile ile ilipowekwa. Nilimuuliza kwa sauti ya juu kuliko nilivyotaka, kwa nini. Akanijibu mbele ya wote kwamba ninapiga picha watu wote wa Kitshanga, yeye hana hata moja yangu. Hiyo ndiyo ya pekee. Niko na Gaju, nacheka, nimeshika kopo.

Simu ikazunguka. Sikio lililopasuka. Doa hafifu. Shuka zile zile za Mama, ambazo sasa zilikuwa uzioni na alama za mawese mahali pale pale. Papa Akilimali akalinganisha, alama kwa alama, akauliza nani angempaka huyu mafuta kama ana Bihogo zizini. Kisha akaanza kutikisika mabega. Kisha wote. Walicheka hadi mmoja akakaa kwenye tope. Mimi sikucheka, lakini nilikuwa nashika kompyuta.

Papa Sebarenzi peke yake hakucheka. Alikwenda kwa Gaju, akaweka mkono kwenye lile doa, akakaa hivyo. Kisha akasema: "Sikio njo ile. Ngombe njo yeye. Hawa bantu hawakudanganya, ni ule moja tu." Fimbo yake ilinielekea mimi. Kisha akamgeukia Dusabimana akamuuliza ng'ombe huyu anaitwa nani kwa kweli. Dusabimana akasema Gaju, Papa. Mzee akaanza wimbo upya, tangu mwanzo, na safari hii akaweka jina la Gaju. Halikukaa vizuri kwenye wimbo. Akaliingiza hivyo hivyo.

Umurerwa ni wetu! Dusabimana amelia begani kwangu, kisha akakumbuka ni bega la nani, akahamia la Mama.

Wakati wa kuaga, Papa Sebarenzi aliuliza nani alipiga picha ile ya kweli. Ng'ambo ya barabara, Séraphin aliinua mkono. Alikuwa amekuja kutazama, na alikuwa amesimamisha simu yake juu ya stendi yangu. Ndiye atakayepiga ndoa. Mimi nitashika kamba ya ng'ombe. Dusabimana amependekeza, wote wameafiki.

Jumapili, 19 Oktoba

Leo kimya. Nimefua shuka za watu tangu asubuhi. Nimerudisha kanzu kwa Dada Colette, hakuniuliza kitu, kwa hiyo amesikia yote.

Kuna jambo la jana ambalo sikuliandika, kwa sababu lilinichanganya.

Pikipiki zilipokuwa zimewashwa, Papa Sebarenzi alinivuta pembeni, nyuma ya zizi. Nilidhani ni fimbo. Akatoa simu yake, akafungua picha yangu, ile iliyopikwa. Akaniambia kwamba alikuwa mtoto walipokimbia vita, na ng'ombe wa baba yake walibaki mlimani. Bihogo alikuwa wake, alimlisha kwa mkono. Hakuna aliyekuwa na mashine ya picha wakati huo. Alikuwa ameanza kusahau nyota ilikaa upande gani wa paji. Akasema anajua, hii ni picha ya uongo, na aliyeifanya ni mtu asiye na akili. Kisha akaomba nimchapie kubwa, ya kuweka ukutani, karibu na kitanda. Asubuhi akifungua dirisha mwanga utaiangukia.

"Usibadilishe kitu," akasema. "Hata kidogo."

Niliitikia kwa kichwa tu.

Nimelifikiria jambo hili usiku na leo mchana kutwa nikikamua shuka, na nimefikia hukumu ya haki. Picha ya Séraphin imeozesha mtu. Sawa. Lakini inakaa ndani ya simu ya Mama. Yangu itakaa ukutani! Kwa nani? Kwa baba mkwe mwenyewe! Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na kosa lilikuwa la zile shuka.

Kabla hajapanda pikipiki aliniruhusu nimpige yeye mwenyewe, picha moja, bila kofia. Mbichi. Nimeifungua sasa hivi kwa Mama Valérie. Mwanga mzuri, uso mzuri, wa kishujaa hasa. Shida ni zile ndevu tu. Nyeupe mno, zimefifia, zinamzeesha. Nikishusha weusi kidogo, nikaongeza kontraste kidogo sana, atarudi kijana wa miaka arobaini, nami nitamchapia mbili, Bihogo na yeye, moja kila upande wa kitanda. Itakuwa zawadi.

Alisema nisibadilishe kitu. Lakini alisema hivyo kuhusu ng'ombe. Kuhusu ndevu hakusema lolote.